UZI: Kitabu hakina jalada wala mwisho. Muuaji ni mwenye maua au mwenye kidole pungufu?

Binti_wa_Nguba
Salamu kwenu. Nina kesi.

Wiki jana nilikuwa Goma, nikarudi Bukavu kwa boti ya usiku. Kabla ya kupanda nikanunua kitabu kwa kijana mmoja anayetandika vitabu juu ya turubai, faranga elfu mbili. Jalada halipo, kurasa za mbele hazipo, kinaanza ukurasa wa 9. Kwa hiyo jina la kitabu silijui, mwandishi simjui, na hilo nililikubali tangu bandarini. Nisichokiona ni kwamba mwisho nao umenyofolewa.

Kiko kwa Kifaransa, lakini kimetafsiriwa, maana umbali wanahesabu kwa maili. Claire kazi yake ni kutengeneza michoro ya zamani iliyofifia. Amerithi nyumba ya shangazi yake kisiwani huko Marekani. Shangazi alianguka kwenye ngazi akafa. Kisiwani kuna wanaume wawili. Wa kwanza ni fundi wa mashua, hacheki, mkono wa kushoto hana kidole kimoja, na mbwa wake anauma. Wa pili ni wakili wa ile mirathi. Huyu analeta maua, anapanda kuziba paa linapovuja, na anajua Claire anatia sukari ngapi kwenye chai.

Tumefika usawa wa Idjwi, watu wote wamelala, mimi nasoma kwa tochi ya simu. Ukurasa wa 242 Claire yuko chini ya nyumba, taa imeanguka, mtu amemkaba shingo kwa nyuma. Nawatafsiria sentensi ya mwisho kama ilivyo: «Gizani akaushika ule mkono. Akautambua. Ulikuwa wa»

Basi. Baada ya hapo ni gundi iliyokauka na uzi wa kushonea.

Mimi nasema ni wakili. Katika riwaya za siri zenye mapenzi ndani, mwanaume wa maua ndiye muuaji na mwenye kununa ndiye mume. Nimesoma zaidi ya thelathini, nimekosea mara mbili tu. Nani anabisha? Na mwenye kukijua kitabu aniambie jina, mwisho asiniambie.

Kadutu_Moja
Mukono ilikuwa ya ule kijana wa turubai, sha. Anakuuzisha kitabu kwanza, kisha anakuuzisha mwisho yake kipekee. Rudia kwake na faranga elfu moja ingine.

Lushois_na_Bukari
Dada, kitabu hicho nakijua vizuri sana. Nimekisoma hapa Lubumbashi mara arobaini, kila mara kina jina lingine. Mara nyumba iko kisiwani, mara iko msituni, mara shangazi ni bibi. Ila wakili hakosekani.

Kwa dhati: itakuwa ni Mary Higgins Clark, yule mwandishi Mmarekani. Vile vya Kifaransa vya mitumba, nusu yake ni vya yule mama.

Mwl_Uvira
Habari zenu. Sidhani kama ni yeye. Mary Higgins Clark ana haraka. Kwake habari nzima inaweza kuisha kwa siku chache, na anakuingiza kichwani mwa mhalifu mapema, unamwona akipanga huku wenzake hawajui. Mapenzi kwake ni chumvi, hayapikwi peke yake. Binti anasema muda wote tumekaa na Claire peke yake, na wanaume wanapewa sura nzimanzima. Huo ni upishi mwingine.

Lakini yule mama namheshimu. Mumewe alikufa mwaka 1964 akamwachia watoto watano, naye akawa anaandika alfajiri mezani jikoni kabla ya kuwaamsha waende shule. Riwaya yake ya kwanza ya mashaka ilitoka mwaka 1975, Kifaransa wakaiita *La Maison du guet*. Nikimwambia mwanafunzi wangu hivyo, ananijibu nyumbani kwao jikoni hakuna meza.

Jiwe_la_Lava
Goma hapa. Mimi nabisha kitu kingine kabisa. Mapenzi yanaharibu riwaya ya upelelezi. Mtu amekufa ukurasa wa 12, mimi nataka kujua nani alikuwa na ufunguo, mwandishi ananipeleka ufukweni kutazama jua linazama kurasa sita. Agatha Christie mwenyewe aliweka sheria: mapenzi marufuku. Na Poirot, mpelelezi wake, yule Mfaransa, hakupenda mtu maisha yake yote, ndiyo sababu alifaulu.

Lushois_na_Bukari
Mfaransa?! Jiwe, Poirot ni Mbelgiji! Sisi Wakongo tukose kumtambua Mbelgiji, tena mwenye masharubu ya kupakwa mafuta? Kila Mwingereza katika vile vitabu anamwita Mfaransa, naye kila mara anawakosoa, na wewe leo umeingia kundi lao.

Mwl_Uvira
Lushois kanitangulia. Ninaongeza mawili. Poirot hakuwa jiwe: kulikuwa na yule Vera Rossakoff, mwizi wa vito, ambaye kila akitajwa mzee anajirekebisha tai. Na sheria si ya Christie. Aliyeiandika ni Mmarekani aliyejiita S. S. Van Dine, mwaka 1928, alipotoa kanuni ishirini za hadithi ya upelelezi. Kanuni ya tatu ndiyo inakataza mapenzi: kazi ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi madhabahuni.

Christie alikuwa akizivunja hizo kanuni kama karanga. Miaka miwili kabla ya Van Dine kuandika zake, alikuwa ameshatoa kitabu ambacho msimuliaji mwenyewe ndiye… naacha hapo, pengine kuna asiyekisoma.

Jiwe_la_Lava
Sawa, Mwalimu, nimekosea jina. Lakini huyo Van Dine yuko upande wangu.

Kigoma_Ujiji
Jamani, hodi. Nawasoma toka ng'ambo ya Tanganyika. Mnabishana juu ya Mmarekani wa 1928 na huku mna Bwana Msa, mpelelezi wetu wa Kiswahili? *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilitoka kitabu mwaka 1960. Bwana Msa anakaa na kiko chake, Najum yuko pembeni anashangaa, na fumbo linafumbuka kwa kujua nani mtoto wa nani. Siri ya Waswahili haiko kwenye ufunguo, iko kwenye ukoo. Nani alizaa na nani, nani alificha ndoa. Ukiondoa mapenzi hapo hakuna kesi, unabaki na mzee anavuta kiko.

Halafu huyo Kadutu_Moja, «mukono ilikuwa ya» ni Kiswahili cha wapi?

Kadutu_Moja
Ni ya kwetu. Weye soma paka Bwana Msa wako, tukutaniye mwisho wa kitabu.

Lushois_na_Bukari
Kigoma, hapo umenikumbusha. Marehemu baba alikuwa na vitabu vya Kiswahili vilivyokuja kwa meli ya Kalemie. Kimoja kilikuwa cha Willy Gamba, yule mpelelezi, kinapigwa Kinshasa kwetu, risasi mtindo mmoja, na wasichana wazuri kila hoteli. Mtobwa alijua Kinshasa kuliko mimi.

Kigoma_Ujiji
Willy Gamba si wa Mtobwa, ndugu yangu, ni wa Elvis Musiba. Hicho cha Kinshasa ni *Kikosi cha Kisasi*. Wa Ben Mtobwa ni Joram Kiango, na hapo ndipo nilitaka mfike: Joram ana Nuru. Nuru ni mpenzi na ni mwenzake kazini. Anaponea naye, anadanganya naye, anaingia naye hatarini. Gamba anabadilisha wasichana kama shati, ukifunga kitabu humkumbuki hata mmoja. Nuru unamkumbuka. Kwa hiyo Jiwe, tatizo lako si mapenzi. Tatizo lako ni mwandishi aliyeyaning'iniza mapenzi ukutani kama kalenda.

Jiwe_la_Lava
Kama kalenda. Sawa, hiyo naichukua.

Zamu_ya_Usiku
Samahani kwa kuchelewa, nalinda jengo Muhumba, hapa Bukavu, na nasoma kuanzia saa tano usiku watu wakishalala. Nimeona mnazungumza juu ya vitabu vingine na Binti bado amekabwa shingo kule chini.

Nauliza. Hicho kidole anachokosa fundi ni kipi, na mwandishi alikitaja ukurasa wa ngapi? Aliyemkaba alitumia mkono mmoja au miwili? Wakili ana pete? Na mbwa alibweka?

Binti_wa_Nguba
Zamu, asante, wewe peke yako umeichukua kesi. Kidole ni kile kidogo cha mwisho, mkono wa kushoto, kimetajwa ukurasa wa 31 na tena 118 wanapokunywa kahawa. Aliyemkaba alitumia mkono mmoja shingoni, mwingine haujatajwa. Wakili ana pete ya familia yenye jiwe, anaichezesha akiwa na mawazo. Mbwa hakubweka. Mbwa amelishwa kitu ukurasa wa 236, amelala.

Zamu_ya_Usiku
Basi nina shaka na wakili wako. Fikirini. Giza totoro, mtu anaushika mkono na kuutambua mara moja. Mkono unatambuliwaje gizani? Kwa upungufu au kwa ziada. Upungufu ni kidole cha fundi, ziada ni pete. Lakini mtu anayekwenda kukaba watu gizani, tena wakili, si angevua pete? Kidole hakivuliki.

Kwa upande mwingine, mwandishi aliyekitaja kidole mara mbili anataka tukifikirie. Mimi nikiwa natega mtego wa panya sibandiki tangazo. Na mbwa: aliyemlisha dawa ni mtu anayeogopa mbwa, na mbwa ni wa fundi. Labda ndiyo sababu alimlisha, ili tuseme si yeye.

Nimekaa na hili mpaka saa tisa. Sijui.

Kadutu_Moja
Mukubwa, banakulipaka juu ya kulinda nyumba ao juu ya kulinda Claire?

Dada_wa_Botte
Mimi nimecheka na Zamu lakini nakuja kumvunja Binti. Unasema mwenye kununa hawi muuaji. *Rebecca* ya Daphne du Maurier, 1938. Msichana ambaye hata jina lake hatulijui mpaka mwisho anaolewa na tajiri mwenye huzuni, hacheki, anafoka. Na ndiye aliyemuua mke wa kwanza. Yule wa kununa! Tena msichana akishaambiwa, kitu cha kwanza anachohisi ni raha, kwamba kumbe mume hakumpenda yule marehemu. Mimi nilikiweka kitabu chini nikajiuliza kwa nini na mimi nimefurahi.

Lushois_na_Bukari
DADA! Nilikuwa ukurasa wa 80!

Dada_wa_Botte
Kimetoka 1938, Lushois. Ulikuwa unangoja nini?

Binti_wa_Nguba
*Rebecca* ni moja ya zile mara mbili nilizokosea. Nilitumaini hakuna atakayeitaja.

Shemasi_wa_Bagira
Bwana asifiwe. Vijana, hivi vitabu vinapoteza muda. Nasema kwa uzoefu. Marehemu baba yangu, mtu wa kanisa kila Jumapili, alikuwa na vile vya jalada jeusi na mstari wa manjano, Série Noire, vimepangwa kabatini nyuma ya vitabu vya nyimbo. Wamarekani wale kina James Hadley Chase. Mama alidhani ni ibada za jioni maana baba alisoma amepiga magoti kando ya kitanda, kwa sababu ya kibatari. Mimi nilivigundua nikiwa na miaka kumi na mitatu, na ninakiri nilivimaliza vyote kabla ya ubatizo.

Mwl_Uvira
Shemasi, karibu. Chase hakuwa Mmarekani. Mwingereza wa London. Cha kwanza chake, 1939, alikiandika na kamusi ya misemo ya wahuni na ramani za Marekani mezani, nchi yenyewe haijui. Na ile Série Noire ilianza Paris mwaka 1945, nayo kwa vitabu vya Waingereza.

Shemasi_wa_Bagira
Kwa hiyo baba alidanganywa na mtu aliyekuwa anadanganya. Nawasamehe wote wawili.

Kadutu_Moja
Shemasi, unakumbukaka ata kimoja mwisho yake?

Shemasi_wa_Bagira
Zote. Ndilo tatizo.

Mama_Sambaza
Mimi mama mukubwa, msinicheke. Kifaransa yangu ni kidogo, binti yangu njo ananisomeaka huu uzi jioni tukitengeneza sambaza, bale samaki badogo. Mnasema mukono unatambulika juu ya pete, juu ya kidole. Ninyi bote hamujashikwa gizani.

Miaka iliyopita nilikuwa na duka kidogo ya vitenge. Siku moja, saa moja jioni, umeme ikakatika. Nikasikia kopo ya pesa inasogea, hivi, polepole. Nikatupa mukono yangu juu ya kopo nikakuta mukono ingine tayari iko ndani. Nikaishika. Haikuwa na pete, haikuwa na kilema. Lakini niliijua. Ilikuwa kavu hapa chini ya kidole gumba, na ikafanya kitu kimoja: haikuvuta. Mwizi anavuta. Ule aliacha mukono yangu juu ya yake, akangoja, sawa mutu mwenye anaomba. Ulikuwa mukono wa mutu mwenye nilikuwa nimeshaupa chakula mara mingi.

Nikaachilia. Umeme ikarudi kisha dakika kumi, dukani hakukuwa mutu. Sikumwambia mume wangu, na jina sitasema hapa, iko hai, anakuyaka kwetu siku ya Noeli.

Kwa hiyo Claire aliutambua ule mukono juu alikuwa ameshaushika mbele. Mupendwa wake ni nani? Njo huyo huyo.

Dada_wa_Botte
Mama. Nimesoma mara tatu.

Kigoma_Ujiji
Mama Sambaza kaweka pesa mezani. Jiwe, unaona? Ukiondoa mapenzi kwenye kile kitabu, Claire asingeutambua mkono. Pale ukurasa wa 118 wanapokunywa kahawa, ile haikuwa kalenda ukutani. Ule ulikuwa ushahidi.

Jiwe_la_Lava
Nimesoma. Nakubali nusu. Swali langu: Claire ameshika mkono wa nani kabla ya 242? Maana kama ameshika wa wote wawili, Mama katuacha palepale.

Binti_wa_Nguba
Nimerudi kitabuni usiku huu na kalamu. Fundi alimvuta kutoka majini ukurasa wa 87, mkono kwa mkono. Wakili alimshika mkono mazishini ukurasa wa 14, na tena kwenye dansi ya kijiji, 160 na kuendelea, kurasa nne nzima. Kwa hiyo wote wawili.

Na kuna wa tatu nilimsahau. Shangazi. Claire akiwa mdogo shangazi alimfundisha kushika brashi, mkono juu ya mkono. Iko ukurasa wa 9, ule wa kwanza nilionao. Sikuona umuhimu wake.

Zamu_ya_Usiku
Shangazi aliyeanguka kwenye ngazi. Maiti aliiona nani?

Binti_wa_Nguba
…wakili.

Zamu_ya_Usiku
Ahaa.

Kadutu_Moja
Sasa shangazi amefufuka. Tukifika kesho muuaji itakuwa ule mbwa.

Lushois_na_Bukari
Mimi narudi kwa wakili, na sababu yangu ni ya maisha. Dada yangu mkubwa alichumbiwa na mtu wa maua. Kila Jumamosi maua, mama anapewa kilo mbili za nyama, baba anapewa kinywaji. Siku ya kuleta mahari tukagundua ana mke Likasi na watoto watatu. Aliyekuja kutuambia alikuwa fundi wa redio wa jirani, mtu wa kununa, alikuwa hasalimii hata siku ya sikukuu. Dada aliolewa na nani? Na fundi wa redio. Leo wana watoto wanne na bado hasalimii. Binti ana haki. Hivi vitabu vinaandikwa na watu wenye dada wakubwa.

Dada_wa_Botte
Hiyo inathibitisha kwamba mtu wa maua ni mwongo. Kuwa muuaji ni kazi nyingine.

Mwl_Uvira
Ninachokiona ni kwamba hadithi za namna hii zinauliza swali moja: huyu mwanaume ninayelala naye nyumba moja, ni nani? Wasichana wengi wanaoolewa mbali wanalijua swali hilo. Ndiyo maana dada zangu wanavimaliza kwa usiku mmoja, na mimi naona nyumba tu na ngazi.

Lushois, kwa kuwa umetaja Likasi: mwandishi Mudimbe alizaliwa huko, wakati ule Jadotville, 1941. *Le Bel Immonde* yake ya 1976 ina waziri na mwanamke wa baa wakati wa uasi, mapenzi na usaliti humo humo, na hujui nani anamtumia nani. Hakuna aliyekiita kitabu cha mashaka kwa sababu kinafundishwa chuoni.

Lushois_na_Bukari
Mwalimu, umemtaja mtoto wa kwetu, bukari, yaani ugali, ya leo nalipa mimi. Njoo tu na nauli.

Jiwe_la_Lava
Jamani, tuache Claire kidogo. Kuna fumbo hapa hakuna anayeligusa. Nani anararua kurasa za mwisho? Kwangu nina vitabu sita vya mitumba, vinne havina mwisho. Vinne kati ya sita siyo bahati mbaya.

Dada_wa_Botte
Gundi. Vile vya mfukoni vya zamani gundi yake inakauka inakuwa kama biskuti, kurasa za mbele na za nyuma ndizo zinatoka kwanza. Hakuna mhalifu.

Shemasi_wa_Bagira
Kwetu maktaba ya parokia ilikuwa na mama mmoja, alisoma kila kitabu kabla ya kukiweka rafuni, na penye busu alikata kwa wembe. Mwisho wa vitabu hivyo ndipo penye busu.

Jiwe_la_Lava
Shemasi, angekata kwa wembe pangekuwa safi. Changu kimechanika kwa mkono, meno meno.

Kigoma_Ujiji
Kwetu ni wasomaji wenyewe. Bibi yangu akimaliza kitabu cha kuazima na akachukia mwisho, aliung'oa. Alisema anawaonea huruma wanaofuata.

Kadutu_Moja
Bote munakosa. Ni karanga. Mama wa karanga anafungaka ndani ya karatasi, na anaanzaka na karatasi za nyuma juu njo rahisi kutoa. Enda ku soko ya Nyawera utasoma mwisho ya bitabu byote bya dunia, faranga mia tano moja moja.

Binti_wa_Nguba
Taarifa. Mjomba wangu alikuwa Goma jana, nikamwomba apite kwa kijana wa turubai. Kijana anasema vitabu ananunua kwa uzito, kwenye katoni, hahesabu kurasa. Ila anasema katoni ile haikuwa ya Goma. Ilikuja na boti, kutoka Bukavu. Kwa hiyo kitabu kilitoka hapa kwetu kikaenda, nikakilipia nauli kikarudi.

Mama_Sambaza
Binti yangu anasema kama kilitoka hapa, mwisho yake ilibakia hapa.

Zamu_ya_Usiku
Naandika haraka, bosi wa zamu anakuja saa kumi. Sikutaka kusema mpaka nihakikishe. Kila jioni nikipanda kazini napita Nyawera nanunua karanga. Juzi, baada ya kusoma aliyosema Kadutu, nikaanza kutunza karatasi. Ya jana imeandikwa kwa Kifaransa, ina namba 247 na nyuma 248, ina mafuta katikati lakini inasomeka. Claire yumo. Amekaa jikoni, shingo imefungwa kitambaa. Mtu anamimina chai, anatia sukari mbili bila kuuliza. Jina la huyo mtu halimo ukurasa mzima, ni «yeye» tu, toka juu mpaka chini.

Dada_wa_Botte
Sukari mbili bila kuuliza! Ni wakili! Na yuko hai na anamimina chai! Binti, umeshindwa.

Jiwe_la_Lava
Polepole. Claire ni wengi. Kila kitabu cha Kifaransa kina Claire.

Binti_wa_Nguba
Claire wangu anatia sukari moja. Ukurasa wa 52.

Kadutu_Moja
Labda juu ya kukabwa shingo ameongeza.

Mwl_Uvira
Au shangazi, aliyemjua akiwa mtoto. Watoto wanatia mbili.

Lushois_na_Bukari
Mwalimu, nilikuwa nalala.

Binti_wa_Nguba
Zamu, katika karatasi yako, mkono unaomimina, umesemwa wa kulia au wa kushoto? Na herufi: ukurasa wangu una mistari 34.

Zamu_ya_Usiku
Mistari nahesabu 33, lakini mmoja uko chini ya mafuta, huenda ni miwili. Mkono haujasemwa. Bosi amefika, naondoka. Mwenye kupita Nyawera leo kabla ya jioni, mama anakaa upande wa wauza parachichi, ana beseni la bluu. Asinunue yeye. Amwambie tu zile karatasi za chini ya beseni asifungie mtu, kuna mtu anakuja kununua karanga zote.